Taa za LED za nyongeza zinafifia baada ya dakika ishirini njia ya Ipole–Kitunda: ni joto, waya au alteneta?

Na. 1 · MsafiriWaKitunda
Wakuu, salamu. Ninasafirisha asali kutoka vijiji vya Kitunda hadi Tabora mjini kwa Toyota Hilux ya dizeli yenye umeme wa volti 12, na kwa kuwa warinaji wengi hurina usiku na kukabidhi ndoo kabla hakujapambazuka, sehemu kubwa ya safari zangu huwa gizani. Miezi miwili iliyopita nilifunga taa mbili za LED za mviringo juu ya ngao ya mbele, kila moja ikiwa imeandikwa wati 90 kwenye boksi lake. Kwenye lami, kutoka Tabora kupitia Sikonge hadi Ipole, zinafanya kazi bila kasoro. Nikishaingia kipande cha vumbi kuelekea Kitunda, baada ya dakika kama ishirini taa ya kulia inaanza kufifia, kisha ya kushoto inafuata, mpaka nabaki na mwanga kama wa tochi iliyoishiwa betri. Nikizizima kwa dakika kumi na kuziwasha tena, zinarudi kama mpya.

Aliyezifunga ananiambia ninunue kubwa zaidi. Sitaki kutoa fedha nyingine kabla sijauelewa ugonjwa wenyewe. Naomba pia kufahamishwa kama ni kweli kwamba taa ya njano hupenya vumbi kuliko nyeupe, na kama kuzipandisha juu ya keria kungenisaidia kuona mbali zaidi.

Na. 2 · FundiWaMwanga
Mkuu, niko Kigoma, Mwanga, na kazi yangu ni umeme wa magari. Kwa maelezo yako naanza na joto. LED haitoi joto kwa mbele kama halojeni; joto lake hutokea nyuma ya kitone chenyewe, yaani kile kipande kidogo kinachotoa mwanga, na lazima litoke kupitia mapezi ya aluminiamu yaliyo mgongoni mwa taa. Kwenye lami unakwenda kilomita 80 kwa saa na upepo unayapooza mapezi hayo. Kwenye vumbi unakwenda 25 au 30, tena pengine nyuma ya lori, na upepo haupo. Taa nyingi zina kidhibiti ndani kinachopunguza umeme joto likizidi ili vitone visiungue, na hicho ndicho kinachokufifishia. Ukizima dakika kumi, inapoa, inarudi. Dalili zako zote zimekaa hapo.

Hizo wati 90 za kwenye boksi usiziamini hadi uzipime. Weka mita ya ampea kwenye waya, soma ampea, zidisha kwa volti. Nimepima taa zilizoandikwa wati 120 nikapata 38.

Na. 3 · WayaMnene
Nampinga fundi kwa heshima. Kabla ya kuilaumu taa, tuuangalie waya. Mafundi wengi huku kwetu hutumia waya mwembamba wa spika, au ule unaoonekana kuwa wa kopa kumbe ni aluminiamu iliyopakwa kopa juu. Chukua mfano: taa mbili zinazokula ampea 10 kwa pamoja, na waya wa milimita za mraba 0.75 wenye urefu wa mita tano kutoka betri hadi mbele kwa kuzunguka. Waya wa kopa halisi wa unene huo una ukinzani wa takriban omu 0.023 kwa mita. Mita tano ni kama omu 0.12, ukizidisha kwa ampea 10 unapoteza volti 1.2 njiani, kabla hujahesabu upande wa hasi. Ukitumia waya wa milimita 2.5, upotevu unashuka hadi chini ya volti 0.4.

Hata hasi nayo itazamwe. Ngao imepakwa rangi. Skrubu iliyofungwa juu ya rangi inashika umeme vizuri ukiwa umeegesha, lakini gari likianza kurukaruka kwenye makorongo mguso unakuwa wa bahati. Hiyo nayo inaeleza kwa nini lami haina tatizo.

Na. 4 · DerevaWaMalagarasi
Mimi ni dereva tu, si fundi, ila njia ya Uvinza hadi Kaliua nimeipita kwa miaka mingi. Gari likienda polepole, injini inazunguka taratibu, na alteneta nayo inatoa kidogo. Ukiwa na taa kubwa, taa za nyongeza, feni ya kiyoyozi na chaji za simu, betri ndiyo inayobeba mzigo, na baada ya dakika ishirini inachoka. Ukizima taa, inapata nafasi ya kujaa. Kwa nini hamkuanzia hapo?

Na. 5 · FundiWaMwanga
Kwa sababu, mzee wangu, kwenye vumbi mleta uzi yuko gia ya pili au ya tatu, si kwamba injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Mizunguko ya injini inaweza hata kuzidi ile ya lami kwenye gia ya tano. Alteneta nzima haishindwi na ampea 10 za ziada. Na kama betri ingekuwa inashuka kiasi hicho, taa kubwa za gari, ambazo ni za halojeni, zingefifia kwanza na kuwa nyekundu, kwa kuwa halojeni haina kidhibiti chochote. Mleta uzi hajasema kwamba taa za gari zinafifia.

Ndugu WayaMnene, hesabu yako ni sahihi, lakini taa yenye kidhibiti hupokea kuanzia volti 10 hadi 30. Kupoteza volti 1.2 hakupaswi kuonekana kwa macho.

Na. 6 · WayaMnene
Hakupaswi, iwapo kidhibiti kipo. Taa za bei rahisi zinaandikwa "10–30" na ukizifungua unakuta vizuizi viwili tu vya umeme. Halafu kuna jambo ambalo wengi hulisahau: kidhibiti cha kweli hulinda wati, kwa hiyo volti zinaposhuka kinanyonya ampea zaidi. Ampea zikiongezeka, waya mwembamba unapoteza zaidi na unapata moto, na ukinzani wake unapanda. Ndiyo maana tatizo linajitokeza baada ya dakika ishirini na si mara moja.

Na. 7 · Karabai
Salamu kutoka Ujiji. Sisi wa ziwani tumeishi na mwanga kabla yenu. Tulivua dagaa na migebuka kwa karabai za mafuta ya taa, leo mitumbwi mingi ina taa za LED za betri, na swali la njano au nyeupe linabishaniwa mwaloni kila giza la mwezi. Ninachoweza kukupa, msafiri, ni hiki: karabai yetu ya zamani ilikuwa na mwanga wa manjano laini na wadudu walikuja kwa kiasi. Taa nyeupe ya LED inayoelekea bluu inaita kila chenye mabawa. Subiri mvua za kwanza, kumbikumbi watoke, ndipo utakapojua thamani ya njano. Utasimama kila kilomita tano kuifuta kioo.

Na. 8 · BintiKasulu
Naomba niseme jambo ambalo halijaguswa, kwa sababu nyote mnazungumza kama watu walio nyuma ya taa.

Mimi ni muuguzi. Mwaka jana nilikuwa nimepakiwa kwenye bodaboda usiku, kabla ya kufika Makere, nikiwahi zamu. Mbele yetu likatokea pikapu lenye taa ndefu ya LED juu ya paa. Kijana aliyeniendesha aliwasha na kuzima taa yake mara tatu kuomba. Lile gari lilipunguza taa zake kubwa, ila ile ya juu ikabaki ikiwaka. Sikuona tena barabara wala mikono ya kijana kwenye usukani. Tulishuka mtaroni taratibu kana kwamba tunaegesha, kisha tukapinduka. Yeye alivunjika mtulinga, mimi nilishonwa nyuzi sita kwenye goti. Nikiwa nimekaa chini bado niliona doa la kijani likielea kila nilikogeuza macho, na lile gari lilikuwa limeshapita.

Jicho lililopigwa na mwanga wa namna hiyo huhitaji sekunde kadhaa kurudi, na kwa mtu mzima zaidi. Kwa hiyo mleta uzi, kabla ya njano na nyeupe, nakuomba ujibu: ukipishana na mtu na ukaweka dimu, taa zako za nyongeza zinazimika zenyewe?

Na. 9 · MsafiriWaKitunda
Dada, pole sana. Jibu la kweli ni hapana. Zina swichi yake peke yake kwenye dashibodi, na siwezi kuapa kwamba huwa naikumbuka kila mara. Hilo nitalirekebisha kabla ya safari ijayo, bila kujali kufifia kumetatuliwa au la.

Leo nimeazima mita. Injini ikinguruma nyumbani, betri inasoma volti 13.9. Kwenye plagi ya taa ya kulia ni 12.6, ya kushoto ni 13.1. Kwa pamoja zinakula ampea 7.8. Rilei, ile swichi inayoendeshwa na umeme, iko kushoto, karibu na betri, hivyo waya wa kulia ni mrefu zaidi.

Na. 10 · WayaMnene
Volti 1.3 zimepotea upande wa kulia, na taa ya kulia ndiyo inayotangulia kufifia. Sijui ni ushahidi gani mwingine unahitajika.

Na. 11 · FundiWaMwanga
Unahitajika huu: kwa nini asubuhi akiwa amesimama nyumbani, na volti zikiwa hizohizo 12.6, taa haififii? Volti zimepotea tangu dakika ya kwanza, kufifia kunakuja dakika ya ishirini. Na ukizidisha, ampea 7.8 ni kama wati 100 kwa taa zote mbili, yaani 50 kila moja, si 90. Wati 50 ndani ya kopo la ukubwa wa sahani ya chai, bila upepo, ni joto la kutosha.

Na. 12 · WayaMnene
Tutarudi hapo. Kwanza nimjibu mleta uzi kuhusu swali la dada, kwa maana hilo halina ubishi. Rilei ya kawaida ina miguu minne: 30, 87, 85 na 86. Mguu wa 30 unapokea umeme mzito kutoka chanya ya betri kupitia fyuzi, na fyuzi ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya wote unaofuata. Kwa mzigo wako ampea 15 zinatosha. Mguu wa 87 unakwenda kwenye taa. Miguu ya 85 na 86 ni ya koili, ambayo ikipata umeme inaunga 30 na 87. Badala ya kuiwasha koili kwa umeme wa kudumu kutoka kwenye swichi, uchukue umeme wa swichi hiyo kutoka kwenye waya wa taa kubwa, ule unaopata umeme unapoweka fulu tu. Ukirudi dimu, koili inakosa umeme na taa za nyongeza zinazimika wakati uleule. Swichi ya dashibodi inabaki kwa ajili ya kuzizima kabisa mjini.

Kuna mtego mmoja. Toyota nyingi za kazi, zikiwamo Land Cruiser za mfululizo wa 70, hukata taa zake kwa upande wa hasi. Chanya iko kwenye balbu muda wote taa zikiwa zimewashwa, na swichi ya usukani inafungua au kufunga njia ya hasi. Fundi asiyejua anaunga kwa mazoea, kisha taa za nyongeza zinawaka zikiwa dimu, au haziwaki kabisa, na gari linalaumiwa. Chomoa soketi ya balbu, weka mita, badilisha kati ya dimu na fulu, uone ni waya upi unaobadilika. Kama ni hasi, koili ipate chanya kwenye 86 kupitia swichi yako, na 85 iungwe kwenye huo waya wa hasi wa fulu.

Na. 13 · Mwalimu_Urambo
Nashukuru kwa uzi huu. Nafundisha fizikia, nami nitagusa njano na nyeupe.

Husemwa kwamba mwanga wa bluu hutawanywa zaidi, ndiyo maana anga ni la bluu, kwa hiyo njano hupenya. Maelezo hayo ni ya kweli kwa chembe ndogo sana kuliko wimbi la mwanga, kama molekuli za hewa. Vumbi la barabarani na matone ya ukungu ni makubwa mara nyingi kuliko wimbi hilo, na chembe za ukubwa huo hutawanya rangi zote karibu sawa. Kwa msingi huo, njano haipenyi chochote. Ufaransa ililazimisha taa za njano kwa magari yake kwa miongo mingi, ikaiacha sheria hiyo mwaka 1993, na barabara zake hazikugeuka giza.

Hata hivyo simkatalii Karabai. LED nyeupe kwa asili yake ni LED ya bluu iliyofunikwa na unga wa fosfa unaogeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa njano. Mchanganyiko ndio tunaouona mweupe. Taa iliyoandikwa kelvini 6000, yaani kipimo cha rangi ya mwanga, ina bluu nyingi, na macho yetu huchoshwa na bluu inayorudi usoni kuliko rangi nyingine. Kwa hiyo faida ya taa ya kelvini 3000 inaweza kuwa ndani ya jicho, haimo ndani ya vumbi.

Na. 14 · Karabai
Mwalimu, umesema vumbi hutawanya rangi zote sawa. Labda vumbi la vitabuni. Vumbi la kwetu ni jekundu. Kitu chekundu kinameza bluu na kurudisha njano na nyekundu. Je, hiyo haimaanishi kwamba taa ya njano inarudishwa zaidi na vumbi, na hivyo nyeupe ndiyo ingefaa?

Na. 15 · Mwalimu_Urambo
Swali zuri, na nakiri limenifanya nirudi nyuma. Rangi ya udongo hakika inahusika. Ila barabara yenyewe nayo ni nyekundu, hivyo taa ya njano inarudishwa zaidi na vumbi lililo hewani na pia na ardhi unayotaka kuiona. Kipi kinashinda kipi kinategemea wingi wa vumbi lililosimama mbele yako. Nyuma ya lori la tumbaku jibu linaweza kuwa tofauti na barabara ikiwa tupu.

Naongeza neno kwa mafundi wetu wawili. Jicho la binadamu halitambui kirahisi mwanga ukipungua kwa sehemu ya kumi. Ikiwa msafiri anaona wazi kwamba umefifia, basi huenda umepungua kwa nusu au zaidi. Upungufu wa kawaida wa LED iliyopata joto haufiki huko. Ama kidhibiti kinakata kwa makusudi, ama umeme unaofika umepungua kweli.

Na. 16 · DerevaWaMalagarasi
Nilisikia LED iligunduliwa Marekani zamani za miaka ya sitini, kwa hiyo si jambo jipya hili.

Na. 17 · Mwalimu_Urambo
Ile ya mwaka 1962 ya Nick Holonyak ilikuwa nyekundu, mzee, na ilifaa kwa vitaa vya kuonyeshea tu. Bluu yenye nguvu ilikuja na Wajapani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, na ndiyo waliyotunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Bila bluu hiyo tusingekuwa na taa nyeupe tunayoijadili.

Na. 18 · MlinziWaMiombo
Nimezoea doria za usiku msituni, na naomba msafiri asizipandishe taa kwenye keria. Sababu ya kwanza ni boneti: la kwako likiwa jeupe, taa ya juu inaliangaza na kukurudishia mwanga machoni safari nzima. Ya pili ni vumbi. Taa ikiwa karibu na usawa wa macho yako, vumbi linaurudisha mwanga palepale ulipo. Taa ya chini inapita chini ya mstari wa macho.

Ya tatu ni vivuli, na hii wengi hawaijui mpaka waione. Taa iliyo chini inalaza mwanga juu ya barabara, na kila shimo linajazwa kivuli cheusi. Unaliona ukiwa mbali. Taa iliyo juu inamulika hadi ndani ya shimo, barabara yote inaonekana bapa kama mkeka, na unalijua korongo gurudumu likishazama.

Zingatia pia umbo la mwanga. Taa za kutawanya zinamwaga mwanga mita ishirini za mbele, unajisikia kama mchana, lakini mboni ya jicho inajibana kwa sababu ya mwanga huo wa karibu na mbali kunakuwa kweusi zaidi. Ni huko mbali ndiko aliko mwendesha baiskeli wa mkaa asiye na kiakisi, au lori lililoharibika lililowekewa matawi ya miti tu barabarani.

Na. 19 · Mwalimu_Urambo
Naunga mkono, na nitie tarakimu. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kutambua na kukanyaga breki, mita 33 zimekwisha. Kwenye changarawe, nikikadiria mshiko wa matairi kuwa 0.4, kusimama kunahitaji mita 63 nyingine. Jumla karibu mita 96. Dimu ya kawaida inamulika vizuri kama mita 50 hivi. Na kwa sababu mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, kuuona umbali maradufu kunadai nguvu mara nne. Ndiyo maana kununua taa yenye wati mara mbili hakukupi umbali mara mbili, na ndiyo maana kioo na umbo la rifleta ni muhimu kuliko namba ya boksi.

Na. 20 · BintiKasulu
Au apunguze mwendo.

Na. 21 · MlinziWaMiombo
Dada ana haki. Na kuelekeza taa kufanyike gari likiwa na mzigo. Pikapu likibebeshwa ndoo za asali, mkia unashuka na pua inapanda. Nyuzi moja tu ya kupanda ni mita 1.7 juu zaidi kwa umbali wa mita 100, yaani machoni pa mtu anayekuja. Egesha mita kumi kutoka ukutani likiwa limepakiwa, pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, weka alama ukutani kwa kimo hicho, na sehemu kali ya mwanga isivuke alama.

Na. 22 · RedioCall_Kibondo
Gari letu la kazi lina redio ya mawasiliano. Tangu tulipofungiwa taa za LED, tukiziwasha redio inanguruma tu na sauti za wenzetu zinapotea, hasa wale walio mbali. Tumelazimika kuchagua kati ya kuona na kusikia. Kuna tiba?

Na. 23 · FundiWaMwanga
Hiyo ni kelele ya kidhibiti, kinachokata na kuunga umeme mara maelfu mengi kwa sekunde. Hamisha waya wa taa mbali na waya wa antena, visilale pamoja. Tia pete ya feraiti, inayozuia kelele hiyo, kwenye waya wa taa karibu na taa yenyewe. Hasi ya taa irudi moja kwa moja kwenye betri. Ikishindikana, taa hizo zibadilishwe, kwani nyingine hutengenezwa bila kichujio kabisa.

Na. 24 · DerevaWaMalagarasi
Msafiri nunua zilizoandikwa IP68. Hizo hata uvuke mto zikiwa ndani ya maji siku nzima haziingii kitu.

Na. 25 · FundiWaMwanga
Tusipotoshane hapo. Tarakimu ya kwanza, 6, inahusu vumbi, na ndiyo ya juu kabisa. Ya pili inahusu maji: 7 ni kuzamishwa mita moja kwa dakika 30, na 8 ni zaidi ya hapo kwa masharti anayotaja mtengenezaji mwenyewe. Hakuna kati ya hizo inayopimwa kwa maji ya presha. Kipimo hicho ni 9K. Taa nyingi za IP67 ninazoletewa na ukungu ndani hazikuuliwa na mto, zimeuliwa na mashine ya kuoshea magari iliyoelekezwa kwenye mpira wa kioo. Na taa iliyopata moto ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia upenyo wowote uliopo.

Na. 26 · MsafiriWaKitunda
Nimerudi jana. Taa sasa zinazimika na dimu; gari langu lilikuwa kweli la kukata hasi, asante WayaMnene. Nimepishana na bodaboda nne na kila mmoja ameendelea na njia yake.

Kuhusu kufifia, nilifanya jaribio. Niliihamisha taa ya kulia kwenda kushoto na ya kushoto kwenda kulia, nyaya zikabaki zilipo. Nilifikiri kwamba kama taa ni mbovu, ugonjwa ungehamia kushoto. Kama ni waya, ungebaki kulia. Safari hii zilififia karibu kwa pamoja, na si dakika ya ishirini bali ya thelathini na tano hivi.

Na. 27 · WayaMnene
Upande wa kulia uliendelea kufifia japo umewekewa taa nyingine. Waya.

Na. 28 · FundiWaMwanga
Na upande wa kushoto, wenye waya mfupi, haukufuata nyuma kama kawaida yake baada ya kupewa taa ya kulia, ulififia pamoja na mwenzake. Taa. Hali ya hewa ilikuwaje?

Na. 29 · MsafiriWaKitunda
Mvua ilikuwa imenyesha jioni. Kulikuwa na baridi na vumbi halikuwapo.

Na. 30 · FundiWaMwanga
Basi zimechukua muda mrefu zaidi kupata moto. Joto.

Na. 31 · WayaMnene
Au ile hasi ya kwenye rangi imelowa na kushika vizuri zaidi. Mkuu, weka mguu mmoja wa mita kwenye hasi ya taa, mwingine kwenye hasi ya betri, taa zikiwa zinawaka. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, kwangua rangi.

Na. 32 · DerevaWaMalagarasi
Na betri imepimwa na nani? Bado hamjanijibu. Injini ikiwa imezimwa usiku mzima isome 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 asubuhi, iko nusu.

Na. 33 · MsafiriWaKitunda
Mzee, betri imesoma 12.4 asubuhi hii, sijui niiweke upande gani. Hasi imesoma 0.5 kulia na 0.3 kushoto, nitakwangua rangi.

Lakini nilipozifungua taa kwa ajili ya kukwangua nimekuta jambo jingine. Mapezi ya mgongoni mwa taa ile iliyokuwa kulia yamejaa udongo mwekundu uliogandamana na mabawa ya kumbikumbi, umekauka kama tofali, kiasi kwamba pezi moja halitofautishwi na jingine. Ya pili ina udongo nusu ya ule. Nimetumia mswaki wa zamani na maji ya ndoo, nimezichokoa kwa dakika arobaini.

Na. 34 · FundiWaMwanga
Sasa mkuu, usikwangue rangi kwanza. Nenda safari moja na mapezi safi na hasi ileile.

Na. 35 · WayaMnene
Ameshasema atakwangua. Kama haamini, aanze na hasi aache mapezi.

Na. 36 · MsafiriWaKitunda
Mapezi yameshaoshwa, siwezi kuyarudishia udongo. Nitakwenda Ijumaa na hasi kama ilivyo, mita nitaifunga kwa tepu kwenye dashibodi na waya wake mmoja hadi kwenye plagi ya kulia, ili zikififia nisome volti palepale bila kushuka. Nikirudi nitaandika namba.